Jioni Batuli Alipouliza Swali Lake

Adui wa kitabu huku kwetu pwani si mtoto. Wengi wenu mnaoanza kazi ya maktaba sasa mnamwogopa mtoto na vidole vyake vyenye mafuta ya bhajia. Mnamkodolea macho tangu anapovuka kizingiti. Mwacheni. Adui ni hewa. Hewa ya chumvi na unyevu hupenya ndani ya jalada polepole, gundi ikalegea, karatasi zikapata madoa ya kahawia kama haya ya mikononi mwangu, na siku moja mtu anafungua kitabu, kurasa zinamwagika chini kama karata. Na kitabu kikilowa, tafadhalini, msikianike juani. Jua litakikunja kikawa kama samaki mkavu wa ng'onda. Tieni karatasi kavu katikati ya kurasa, kisimamisheni mahali penye upepo, mbadilishe zile karatasi kila zinapolowa mpaka kikauke chenyewe. Mkiwa na haraka, mtakipoteza.

Naitwa Athmani. Watu wa Kisauni waliniita Mwalimu, ingawa sijafundisha darasa hata moja maishani mwangu. Nilikuwa mkutubi, na sikuwahi kuona haya kusema hivyo mbele ya mtu yeyote. Wenzangu niliosoma nao walikwenda bandarini, wengine forodhani, wengine wakaenda Uarabuni wakarudi na magari. Tukikutana harusini walikuwa wakiniuliza, "Athmani, bado uko na vitabu vyako?" Nawajibu, "Niko navyo, na watoto wenu niko nao vilevile." Walijua ni kweli.

Nilianza kazi enzi za kadi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndani ya droo ndefu ya mbao, na droo yenyewe wakati wa masika ilivimba isifunguke, mpaka tukaipaka nta ya mshumaa. Baadaye zikaja kompyuta. Nilizichukia mwaka mzima, kisha nikazipenda kama mtu aliyeozwa mke asiyemchagua. Aliyenifundisha kuzipenda ni Achieng', mkutubi kijana aliyetoka bara, ambaye leo ndiye anayekalia kiti changu. Alipofika alikuwa akiniambia, "Mzee, hii kitu haiumi, wewe bonyeza tu." Nami nilimfundisha kusema "kitu hiki". Tukawa hivyo, yeye akinirekebisha vidole, mimi nikimrekebisha ngeli.

Achieng' ndiye aliyeleta habari ya ile jioni.

Asubuhi moja alikuja mezani kwangu mbio, miwani juu ya kichwa. "Mwalimu, Bi Nadra amekubali!"

Nyinyi huenda mmekua mmeshamjua Bi Nadra, lakini kwa asiyemjua nitamweleza. Ni mwandishi wa hadithi za maajabu, mzaliwa wa visiwani, anayeishi ng'ambo huko kwenye baridi. Ndiye aliyeutunga Mji wa Yakuti, na vitabu vyake kuhusu mji huo vilikuwa havikai rafuni. Kikirudi asubuhi, mchana kimeshaondoka. Mkikuta kitabu cha hadithi kimejificha nyuma ya vitabu vya sheria za ushuru, jueni kuna mtoto amekiweka pale mpaka apate nafasi ya kukirudia. Vya Bi Nadra nilivikuta nyuma ya kila kitu. Kimoja nilikikuta nyuma ya tangi la maji.

Mji wenyewe ulikuwa hivi. Umezungukwa na malango ya mawe mekundu, na kila lango lina neno lake. Anayetaka kupita husimama mbele ya lango akalitamka neno lile kwa pumzi moja, pasi na kusita. Akilitamka vizuri, jiwe linayeyuka kama pazia, anaingia. Akisita hata kidogo, lango linabaki jiwe. Hapo ndipo watoto walipokuwa wakishika roho zao: je, shujaa atalisema neno kabla joka halijamfikia? Hata mimi, mzee mzima, nilishika yangu.

Basi Bi Nadra alikuwa amekubali kuzungumza na maktaba za nchi hii jioni moja, kwa mtandao. Yeye angekaa kwake, sisi kwetu, Nakuru kwao, Kisumu kwao, na Lamu, na wengineo, sote tuonane kwenye kioo. Kijana mmoja kutoka Nairobi angeongoza kikao. Na kila maktaba ilipewa swali moja tu. Moja, vijana wangu! Tulikuwa na watoto wa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe ambao wangeweza kumuuliza maswali mpaka mwandishi akaomba msamaha.

Tukawaambia watoto wanaokuja kusoma nasi kila Jumamosi kila mmoja aandike swali lake, kisha wachague wenyewe lililo bora, na sisi wakubwa tusitie mkono. Achieng' aliyasoma maswali kwa sauti bila kutaja majina. Mengine yalikuwa ya kuchekesha. Mmoja alitaka kujua joka linakula nini wakati wa Ramadhani. Kisha Achieng' akasoma moja, wote wakainua vichwa. Mtoto mmoja mwanamume akasema, "Hilo." Wengine wote wakaitikia, "Hilo hilo."

Lilikuwa swali la Batuli.

Batuli alikuwa msichana wa sekondari, mrefu, mwembamba, mwenye kujifunga mtandio wake kwa pini moja tu begani kama bibi zetu wa zamani. Hakuna mtu pale maktaba aliyekuwa amesoma kama yeye. Na alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kurudia rudia neno ukacheka naye likapita. Chake kilikuwa cha kufunga. Neno lilimshika kooni, midomo ikabana, macho yakafumba, na mwili mzima ukasimama kimya mpaka neno lenyewe litakapotaka kutoka. Huenda likatoka upesi. Huenda ukasikia feni ikizunguka na magari ya barabarani yakipita, na bado.

Kwa hiyo alikuwa akisemewa. Shuleni alisemewa na jirani yake wa dawati. Dukani na hospitali alisemewa na mama yake, Bi Saumu, anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na stendi. Bi Saumu alikuwa mwanamke wa maneno, Mungu alimpa ya watu wawili, na nadhani nusu aliyatoa kwa niaba ya mwanawe.

Watoto walipojua swali ni la nani, walitazamana. Mmoja akasema kwa nia njema, "Basi mimi ntamsomea."

Batuli akatikisa kichwa. Akajigonga kifua kwa kidole. Kisha akasema, na ilimchukua muda, "M-mimi. Mwenyewe."

Kesho yake Bi Saumu alikuja maktaba na aproni yake bado ina unga. Hakukaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bi Saumu. Karibu kiti."

"Sikai. Mwalimu, nimesikia mwataka kumuweka mwanangu mbele ya nchi nzima. Wallahi sitaki. Mimi n'namjua. Akishikwa pale, watu watamcheka, na yeye hatasema tena hata nyumbani. Mwana yule huwa asema na mimi jikoni, usiku, tukikanda unga. Yuwasema vizuri tu. Mukimvunja moyo, hata hayo ya jikoni sitayapata."

Niliona machozi yanamlenga, naye hakuwa mtu wa machozi. Na alikuwa na haki. Lile la jikoni lilikuwa jambo kubwa. Nani mimi nilichezee?

Hapa lazima nimtaje Bi Dama, kwani bila yeye nisingejua la kufanya.

Bi Dama ndiye aliyenipokea nilipoanza kazi. Mama wa Kigiriama, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mwenye kutembea taratibu na kuona kila kitu. Siku zile nilikuwa na kiherehere cha kumsaidia msomaji kabla hajaomba. Akaja mzee mmoja kutoka upande wa Bamburi, kofia mkononi, akaniambia, "Kijana, nataka kitabu cha kutunza..."

"Watoto!" nikamwambia, nikamletea kitabu cha malezi.

"La, la. Cha kutunza..."

"Mke!" nikamwambia, nikamtia mkononi kitabu cha unyumba, na kwa bahati mbaya kilikuwa na picha kwenye jalada. Mzee alikiona, akavaa kofia, akataka kuondoka. Bi Dama akamkimbilia mlangoni, akamkalisha, akakaa naye mkabala, mikono mapajani, akimtazama tu. Mzee akapumua, akasema, "Cha kutunza minazi. Yangu inakauka vichwa."

Alipokwisha kwenda na kitabu chake cha minazi, Bi Dama aliniita. "Athmani, umekuwa nabii lini?"

"Naam?"

"Wayajua ya watu kabla hawajayasema. Msomaji akiwa mbele yako, neno ni lake. Usimmalizie. Hata kama unalijua. Ukimmalizia utampa kitabu chako, si chake."

Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza katika ukutubi, na halimo kwenye mitihani yenu. Ng'ang'anieni kompyuta zenu, ni nzuri, lakini jifunzeni kukaa mikono mapajani.

Nikamwambia Bi Saumu, "Mama, mimi sitamlazimisha mwanao. Siku yenyewe akisema hataki, mwenzake atasoma. Lakini akisema ataka, nami nimkataze, nitakuwa nimemwambia kile ambacho watu wote wameshamwambia."

"Na wakimcheka?"

"Wakimcheka nitakuwa nimesimama naye."

"Wewe mzee wa watu, utafanya nini?"

"Sijui. Lakini nitakuwa nimesimama."

Akapangusa mikono kwenye aproni. "Basi na mimi n'takuwako," akasema. Hakuaga.

Siku ikafika. Tulitundika shuka jeupe ukutani, Achieng' akaweka projekta juu ya mrundo wa kamusi, maana meza yetu ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Spika tuliazima kwa jamaa anayepiga muziki harusini. Kulikuwa na kazi moja iliyonipa fahari kabla hata ya kikao kuanza. Nairobi walikuwa wamepanga zamu ya Kisauni iangukie magharibi yenyewe. Nikawapigia simu nikawaeleza kwamba wakituita saa hiyo watakuta viti, maana nusu ya watu watakuwa wako swalani. Yule kijana mwongozaji, mtu mwenye adabu, akasema hakuwa amelifikiria, akatusogeza nyuma ya wengine kadhaa. Adhana ilipolia wenye kuswali tukaenda msikiti wa jirani, na watoto wa makanisani wakabaki kutulindia viti. Tuliporudi, hakuna kiti hata kimoja kilichokaliwa na mtu mwingine, na ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani.

Bi Nadra alikuwa ukutani, mkubwa kama nyumba, kajifunika shali, nyuma yake dirisha lenye mvua. Sauti yake ilikuwa ya visiwani bado, tamu, na alipocheka ukumbi mzima ulicheka. Lamu waliuliza lao. Kisumu wakauliza lao. Kisha yule kijana wa Nairobi akasema, "Sasa twende Kisauni, Mombasa. Kisauni, karibuni."

Batuli akasimama. Nilimuuliza polepole, "Bado wataka?" Akaitikia kwa kichwa, akachukua kipaza sauti, akaenda mbele ya kamera. Sura yake ikatokea pale ukutani kando ya Bi Nadra. Watoto wetu wakapiga makofi. Yeye akangoja makofi yaishe.

"Mimi naitwa B..."

Neno likamshika.

Midomo ikabana. Macho yakafumba. Pale ukutani tulimwona amesimama kimya, hatikisiki hata ukope, na wallahi, kwa mtu asiyemjua, alikuwa kama picha tu. Ndivyo alivyoona yule kijana wa Nairobi. Hakuwa na ubaya wowote. Akasema kwa upole, "Poleni sana, Kisauni, naona mtandao wenu umekwama. Tutawarudia muda ukituruhusu. Nakuru, mko tayari?"

Na sura ya Batuli ikapungua pale ukutani, ikawa kijisanduku kidogo pembeni, na watoto wa Nakuru wakajaa shuka.

Batuli alifumbua macho akakuta watu wengine wanasema. Kipaza sauti bado ki mkononi. Bi Saumu aliinuka kutoka kiti cha nyuma, akaja akisukuma magoti ya watu. "N'liwambia," akaninong'oneza. "N'liwambia, Mwalimu. Lete hicho n'mwulizie mimi, tumalize, twende nyumbani."

Aliunyosha mkono kukichukua kipaza sauti. Batuli hakukitoa. Hakumtazama mama yake kwa ukaidi, la. Alikishika tu kwa mikono miwili, akanitazama mimi. Na hakukaa chini. Hilo ndilo lililonipa nguvu, kwamba hakukaa.

"Achieng'," nikasema, "wanatusikia?"

"Nikifungua hapa, wote watatusikia, Mwalimu."

"Fungua."

Nikamwinamia Batuli. "Mwanangu, niazime kidogo." Akaniazima.

"Assalamu aleikum na habari za jioni," nikasema, na nikashtuka sauti yangu ilivyorudi kutoka ukutani. "Hapa ni Kisauni. Nawaombeni radhi watu wa Nakuru kwa kuwakata. Mtandao wetu hauna neno. Haukukwama. Binti yetu alikuwa akisema. Yeye husema hivyo, na sisi humngoja. Tunaomba zamu yetu."

Yule kijana wa Nairobi alijishika kichwa. Uso ulimwiva. "Jamani, samahani," akasema. "Samahani sana. Ni kwamba tu muda..."

"Mimi nina muda," akasema Bi Nadra. Alikuwa amejiinamisha mbele, karibu na kioo. "Chai yangu bado ya moto. Nakuru, wanangu, mtaniwia radhi?"

Mkutubi wa Nakuru, mama mmoja mnene mwenye tabasamu, akasema, "Sisi tunangoja pia." Na watoto wake wakapisha.

Sura ya Batuli ikarudi ukutani, kubwa. Nikampa kipaza sauti nikarudi hatua moja, si zaidi, kwani niliahidi kusimama naye. Mikono niliifunga nyuma, maana ilikuwa ikitaka kufanya kitu na hakukuwa na kitu cha kufanya.

"Mimi naitwa B... B-Batuli," akasema. Akavuta pumzi. Na akaanza.

Sitajaribu kuwaigizia alivyosema. Lilikuwa swali fupi, na safari yake ilikuwa ndefu. Mara tatu alifungwa, na mara zote ukumbi wetu, na Nakuru, na Lamu, na huko kote, hakuna aliyekohoa. Swali lenyewe lilikuwa hili: "Katika Mji wa Yakuti, lango hufunguka kwa neno la pumzi moja. Mtu kama mimi angepitaje?"

Bi Nadra alivua miwani. Alikaa bila kusema kitu kwa muda, na safari hii hakuna aliyedhani mtandao umekwama.

"Batuli," akasema mwishowe, "nimeishi katika mji ule miaka mingi. Najua kila lango na kila neno. Na mtu huyo sikuwahi kumfikiria. Ningeweza kukubunia jibu hapa ukafurahi, lakini ungelijua ni la kubuni. Sina jibu, mwanangu. Wewe ungefanyaje?"

Batuli alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa njia. Kisha akasema:

"N-ningegonga."

"Ungegonga?"

"Lango. K... Kwani ndani hamna watu?"

Kisha Bi Nadra akapasuka kicheko, kicheko cha mwili mzima, akajifunika uso kwa shali. "Ya Rabi!" akasema. "Walinzi, majoka, wafalme, vita juu ya vita, na katika watu wangu wote hakuna hata mmoja aliyefikiria kugonga!" Ukumbi wetu ukalipuka. Nakuru wakawa wanapiga meza. Yule kijana wa Nairobi alikuwa akicheka huku akipangusa macho. Na Bi Saumu, aliyekuwa amesimama pembeni yangu wakati wote mkono kaukaza mdomoni, akapiga kigelegele kilichopasua spika za watu wa harusi. Zilikoroma kikao chote kilichobaki.

Nimekwenda makongamano ya wakutubi. Nimepewa cheti chenye fremu. Nimeona watoto niliowafundisha kushika kitabu wakirudi madaktari na manahodha wa meli. Lakini mkiniuliza ni lini nilijisikia kwamba sikukosea kuchagua kazi hii, nitawaambia ni pale, nikiwa na mikono nyuma.

Watu hupenda kuniuliza kilichofuata, kana kwamba lazima uwepo muujiza. Batuli hakupona kigugumizi, na hakuna aliyemwahidi kupona. Kwa wiki nzima wateja wa mahamri walimuuliza Bi Saumu, "Wewe ndiye mama wa yule aliyegonga?" naye akawaongezea mbaazi. Kitabu kilichofuata cha Bi Nadra kilipofika tulikigombania kukipekua, kutafuta mtu wa kugonga lango. Hakuwamo. Watoto walikasirika sana, mmoja akataka tuandike malalamiko. Batuli hakukasirika. Alisema mji ule ni wa Bi Nadra, autunge apendavyo, na yeye ana wake anaoutunga. Sijauona bado. Sikumuuliza uko wapi wala utakwisha lini, na nyinyi mkimkuta pale maktaba, msimuulize.

Lakini ninalolikumbuka zaidi kuliko hata kicheko cha Bi Nadra ni dogo, na lilitokea baada ya kikao kufungwa. Picha ilikuwa imezimwa, shuka likabaki shuka. Achieng' alikuwa anakunja nyaya, mimi na Bi Saumu tunapanga viti. Watoto hawakwenda. Walikuwa wamemzunguka Batuli pale sakafuni, wanabishana kuhusu malango, na kwa kawaida ningewaambia wapunguze sauti, lakini jioni ile niliwaacha. Katoto kamoja ka kike, kadogo kuliko wote, kakamvuta mtandio.

"Dada Batuli, na ukigonga wakikataa kufungua?"

Batuli akafungua mdomo kujibu, na neno likamshika. Midomo ikabana, macho yakafumba. Nikatega sikio, nikingoja mtoto mwingine adakie, kwa sababu watoto hudakia, ndiyo kazi yao.

Hakuna aliyedakia. Kelele zote zilikatika. Walikaa pale sakafuni, nyuso juu, midomo wazi, kama watu wanaongoja mwezi uandame.

Bi Saumu aliweka kiti chini. Alisimama akiwatazama, mkono juu ya mgongo wa kiti. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto:

"Mwalimu. Wanamngoja."

"Naam," nikasema. "Na sisi tungoje."